Jina Lako Katika Orodha ya Mchango

Leo nataka tuzungumze kuhusu sosholojia, taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, na sitaki tuanzie darasani. Tuanzie kwenye simu yako. Fungua WhatsApp, shuka chini taratibu, utazame makundi ambayo majina yake yana neno harusi, sendofu au kamati. Ukiwa mtu mzima unayeishi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Dodoma, sidhani kama utakosa hata moja. Kundi la ndugu yako uliingia kwa furaha. Mengine uliamka asubuhi ukajikuta umeshaingizwa.

Ndani ya kundi kuna orodha. Juu yake yapo majina ya maharusi na tarehe ya shughuli. Chini wachangiaji wamepangwa kwa namba. Baba mdogo, 500,000, tiki. Shangazi, 200,000, tiki. Bosi wa bwana harusi, 300,000, tiki. Kisha jina lako, na mbele yake pameandikwa: ahadi, 100,000. Tiki hakuna. Kila mtu anapotuma fedha, mweka hazina anainakili orodha nzima, anaongeza tiki moja, anairusha upya kundini na maneno matamu: "Ubarikiwe sana kaka, wengine tunaendelea kuwasubiri." Kwa mwendo huo jina lako lisilo na tiki linapita mbele ya macho ya watu wote wa kundi mara tano kwa siku. Hakuna aliyekutukana wala aliyekupigia simu. Lakini jioni unajikuta unakokotoa: ada ya mtoto nikiipeleka nusu, mwenye nyumba nikimwomba wiki mbili, hapo naweza kupata laki.

Wengi wetu tukiulizwa kwa nini tunachanga hata tusipoweza, tunajibu kwa kutaja tabia. Mmoja anasema, tatizo langu sijui kukataa. Mwingine anasema vijana wa siku hizi wana makuu, hawawezi tena kuoa kwa pilau na soda. Wa tatu analaumu taifa zima: Watanzania tunapenda sherehe kuliko maendeleo. Majibu yote matatu yanatafuta kasoro moyoni mwa mtu. Mimi nasema jibu haliko huko, na nitajaribu kuonyesha liko wapi.

Mwaka 1959 msomi wa Kimarekani, C. Wright Mills, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, alichapisha kitabu ambacho mpaka leo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sosholojia hukutana nacho mapema. Alitaka tutenganishe taabu ya mtu binafsi na suala la umma, na mfano wake ulikuwa ajira. Katika mji wa watu 100,000, akiwa mmoja tu ndiye hana kazi, una haki ya kuangalia tabia yake, ujuzi wake na fursa zilizo mbele yake. Lakini katika nchi yenye wafanyakazi milioni 50, wakiwa milioni 15 hawana kazi, huwezi kuwamaliza kwa kuwapa mawaidha mmoja mmoja. Kuna kitu kimevunjika katika mpangilio wa uchumi wenyewe.

Upime mchango kwa kipimo hicho. Kama ni wewe peke yako mtaani unayekopa ili uchangie harusi, basi kaa na mkeo au mumeo mpange matumizi. Ila ukikuta mwalimu anakopa, nesi anakopa, askari anakopa, kijana wa bodaboda anavunja kibubu, na wote sababu yao ni moja, ushauri wa "jifunze kukataa" haufiki popote. Kila mmoja wao ameshajifunza. Anajua hata maneno ya kutumia. Anachokosa ni mahali pa kusimama baada ya kuyatamka.

Mfaransa Émile Durkheim alikuwa na namna yake ya kulieleza hili. Katika kitabu chake cha 1895 alisema yapo matendo, fikra na hisia zinazokaa nje ya mtu mmoja mmoja na zenye nguvu ya kumlazimisha. Tulizikuta tulipozaliwa na tutaziacha tukiondoka. Nguvu yake huwezi kuisikia unapokwenda nazo pamoja. Utaisikia siku unapojaribu kuzipinga. Jaribu. Jitoe usiku huu kwenye kundi la harusi bila kuaga. Kesho kabla ya saa nne shangazi atapiga: "Mwanangu, naambiwa umejitoa. Kuna nini? Tumekukosea?" Swali hilo la upole ni zito kuliko faini ya mahakama, kwa sababu faini hulipwa ikaisha. Hapo utajikuta unajieleza, unasingizia simu iliharibika, unaomba urudishwe. Umeguswa na kile Durkheim alichokuwa akikisema, na hukuhitaji kwenda Ufaransa.

Kuna watakaosema mchango ni desturi yetu tangu enzi na enzi. Wanasema kweli, ila si kweli yote. Kuchangiana ni kwa zamani. Waulize wazee wa mwambao watakutajia kilemba cha baba, mkaja wa mama, kipa mkono cha bibi harusi, kila zawadi na jina lake na mtu wake. Waulize Wapare watakuambia kuhusu msaragambo, ambapo kijiji kizima huitwa kufanya kazi moja. Harusi ilikuwa na mchango wake: huyu analeta mbuzi, yule debe la mchele, wanawake wanakuja na visu vyao tangu usiku kumenya vitunguu na kuchambua mchele, vijana wanapasua kuni na kufunga turubai. Mchango wa namna hiyo haukuwa na tarakimu. Nani angeweza kusema usiku mzima wa mama fulani jikoni umezidi au umepungua mbuzi wa baba fulani?

Fedha ilipoingia mahali pa vitu hivyo, ilibadilisha kitu ndani ya mchango wenyewe. Mjerumani Georg Simmel aliandika kitabu kizima kuhusu falsafa ya fedha mwaka 1900, na moja ya hoja zake ni kwamba fedha huyageuza mambo yasiyolingana kuwa ya kulinganishwa, tofauti ya ubora ikawa tofauti ya kiasi. Mwenye laki tano na mwenye elfu hamsini sasa wanasimama kwenye mstari mmoja, na kila anayeona anajua nani yuko juu. Aliyekesha jikoni akikoroga pilau hayumo kwenye orodha kabisa. Siku hizi hata jikoni hahitajiki. Kuna mpishi wa kukodi.

Simu ikaja juu ya fedha. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na mitandao mingine ikafuata. Sina ubaya na huduma hiyo. Imemsaidia mama aliye kijijini kupata fedha za mwanawe aliye mjini bila kumtegemea dereva wa basi. Lakini angalia ilichofanya kwenye mchango. Zamani aliye mbali alisamehewa. Kadi ilikufikia kwa mkono wa mtu, na mtu asipokukuta, basi. Leo umbali si udhuru. Uwe Mtwara, uwe Muscat, uwe Minneapolis, namba ya mweka hazina iko chini ya ujumbe. Na yule uliyesoma naye darasa la nne, ambaye hamjaonana tangu siku ya mtihani, anaweza kukuingiza katika harusi yake kwa kugusa jina lako mara moja.

Nina jirani anayekaanga vitumbua alfajiri barazani kwake. Juzi nilimkuta ameshika kadi ya mchango, ya mtoto wa mteja wake. Kima cha chini kimechapishwa kwa wino wa dhahabu: singo 50,000, dabo 100,000. Nikamuuliza, mama, hii nayo utachangia? Akaipangusa kadi kwa upande wa kanga, asije akaitia mafuta, akasema: "Mwanangu, nina mabinti wawili. Nikikaa kimya leo, siku yangu nitamwambia nani?" Hakulalamika. Alilisema kama mtu anavyosema bei ya unga. Kisha akanieleza, kwa utaratibu kabisa, nani alimchangia alipomwoza mwanawe mkubwa, nani bado hajamrudishia, na nani ameshafariki lakini watoto wake wapo. Daftari hana. Yote yamo kichwani.

Huyu mama, bila kukalia dawati la chuo, ameeleza hoja ya Marcel Mauss. Mauss alikuwa mpwa wa Durkheim, mtoto wa dada yake, na mwaka 1925 alichapisha insha kuhusu zawadi ambayo haijapitwa na wakati. Alikusanya habari za watu wa visiwa vya Pasifiki na wa pwani ya kaskazini magharibi ya Amerika, akaona kwamba zawadi, ambayo kwa nje inaonekana ni hiari tupu, kwa ndani imefungwa na wajibu wa namna tatu. Unawajibika kutoa. Unawajibika kupokea, kwa sababu kukataa zawadi ni kukataa undugu. Na unawajibika kurudisha. Muda unaopita kati ya kupokea na kurudisha ndio unaowaweka watu pamoja, maana wakati wote huo kila mmoja anamkumbuka mwenzake. Ukirudisha palepale, kiasi kilekile, umemwambia kwamba hutaki uhusiano.

Kwa hiyo mama yangu wa vitumbua anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: anatoa zawadi, na anaweka akiba. Akiba yake iko kwa watu badala ya benki. Msomi mwingine wa Kifaransa, Pierre Bourdieu, angeiita mtaji wa kijamii: jumla ya watu unaoweza kuwategemea kwa sababu mnafahamiana na mnawiana. Mtu anayemwambia mama huyu aache "upuuzi wa kuchangia harusi" anamwambia afunge akaunti pekee aliyo nayo. Hapo ndipo ninapogombana na wale wanaoandika kwenye magazeti kwamba maskini wanachangia kwa sababu hawajui kupanga fedha. Amepanga. Tatizo la akiba yake ni kwamba inaweza kutoka kwa kazi moja tu.

Kazi hiyo ni harusi, na kama si harusi ni msiba. Akiugua mwenyewe, milango haifunguki kwa urahisi ule. Hili naomba tulikalie kidogo, kwa sababu ndilo linaloniuma.

Karibu kila mtu anayenisikiliza ameshashuhudia jambo hili. Kamati imekaa vikao nane, imekusanya mamilioni kwa ajili ya chakula cha usiku mmoja. Katika ukoo uleule, mwezi uleule, kuna mtu amelazwa, anadaiwa kipimo ili daktari ajue pa kuanzia, na kundi lililofunguliwa kwa ajili yake lina watu kumi na wawili na ahadi tatu. Akifariki, maturubai yanafungwa saa hiyohiyo, daftari la rambirambi linafunguliwa, basi la kusafirisha mwili hadi kijijini linapatikana, na fedha ambazo hazikuonekana wiki iliyopita zinaonekana. Waombolezaji wananong'ona kwamba tumeshindwa kumtibu, tumeweza kumzika. Wanadhani wamefichua unafiki wa ndugu zao.

Mimi siamini kwamba ndugu hao hawakumpenda. Tazama mpangilio. Harusi ina tarehe, ugonjwa hauna. Harusi ina kamati yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina, ajenda na muhtasari wa kikao kilichopita, urasimu ambao Max Weber, msomi wa Kijerumani aliyeuchambua, angeutambua mara moja. Mgonjwa ana mke wake aliyechoka anayeandika ujumbe usiku wa manane akiwa kwenye benchi la wodi. Mchango wa harusi unarudi, kwa kuwa nawe una watoto. Mchango wa mgonjwa huenda usirudi kamwe, na hakuna anayependa kusema kwa mdomo wake kwamba ameipiga hesabu hiyo.

Juu ya yote, harusi ina jukwaa. Erving Goffman, mzaliwa wa Kanada aliyefanya utafiti wake wa mwanzo katika visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskoti, aliyatazama maisha ya kila siku kwa macho ya mtu aliyekaa ukumbini mwa tamthilia. Alisema kila mmoja wetu ana upande wa mbele anaowaonyesha wengine na upande wa nyuma anakopumzika na kujirekebisha. Ukumbi wa harusi wote ni upande wa mbele: meza kuu yenye mapambo, mshereheshaji anayetangaza jina lako na la mwenzi wako, foleni ya kwenda kutunza huku unacheza na noti zimeinuliwa juu, mpiga picha anayekusubiri utabasamu. Mchangiaji anaonekana akichangia. Ugonjwa unakaa nyuma. Una harufu, una bomba la mkojo, una aibu ya kumwambia bosi ni ugonjwa gani. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi ndiye anayeomba mkewe asiwaambie watu. Ukichangia pale, unatuma fedha kimyakimya na hakuna anayejua isipokuwa mtu mmoja aliyeko kwenye benchi la wodi. Msiba unakusanya fedha kwa sababu nao umerudi upande wa mbele.

Ukilitazama hivi, swali linabadilika. Unaacha kuuliza ndugu zangu wana roho gani, unaanza kuuliza ni kitu gani kimeifanya njia ya kuchangia harusi kuwa ya lami na ya kuchangia mgonjwa kuwa ya vumbi. Kitu kilichojengwa na watu kinaweza kujengwa tofauti. Wenzetu Wakenya wamezoea kuita harambee kwa bili ya hospitali na kwa karo ya chuo, wakaipa mwenyekiti na siku yake. Kwao pia kuna malalamiko, na kuna wakati harambee ziligeuka ulingo wa wanasiasa hata ikabidi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya 2003 iwazuie kutumia nyadhifa zao kukusanya michango. Lakini walau inatuonyesha kwamba mgonjwa anaweza kupewa jukwaa.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Sitaki kamati za harusi zife. Mmarekani Robert Merton alitufundisha kutofautisha kazi ya wazi ya jambo na kazi yake iliyofichika. Kazi ya wazi ya kamati ni kukusanya fedha. Ile iliyofichika utaiona ukikaa hadi mwisho wa kikao, wakati wengine wanasubiri soda. Kijana aliyemaliza chuo anatambulishwa kwa mjomba mwenye kampuni ya ujenzi. Mabinti wawili wa baba mkubwa na baba mdogo waliokuwa hawasemeshani wanapangwa kamati ndogo ya mapambo, wanalazimika kupigiana simu. Mtani wa Kizaramo anamkaba mtani wake wa Kisukuma amalize ahadi, watu wanacheka, na katika kicheko hicho mdaiwa anapata nafasi ya kusema hali yake bila kudhalilika. Katika jiji ambalo unaweza kupanga chumba miaka mitatu bila kujua jina la mwenye chumba cha pili, hicho ndicho chombo kinachotukumbusha sisi ni nani kwa nani. Anayetaka kukivunja aje na kingine mkononi.

Wala amri haitakivunja. Serikali ya Kanada ilipiga marufuku sherehe za kugawa mali za watu wa pwani ya magharibi, zilezile zilizomshangaza Mauss, kuanzia 1885. Watu walikamatwa, vinyago vyao vikachukuliwa. Marufuku ilifutwa 1951, na sherehe zikawa zingalipo, zimehifadhiwa kwa siri. Hapa kwetu, Novemba 2015, Rais Magufuli alipoingia madarakani aliagiza fedha zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge zielekezwe zaidi kununua vitanda vya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Nakumbuka jinsi watu walivyofurahi, na walikuwa na haki. Vitanda vilinunuliwa. Lakini wengi wa waliopiga makofi walikwenda jioni kwenye vikao vyao vya harusi na bajeti ya keki haikuguswa. Amri ya kiongozi inaweza kuhamisha fungu la hafla ya wabunge. Deni ambalo mimi ninalo kwa shangazi yangu haiwezi kulihamisha.

Mwambao wetu una mfano ulio karibu zaidi. Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, wanawake walikuwa na vyama vya lelemama. Msomi Margaret Strobel alivieleza katika kitabu chake cha 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa mji huo. Vyama vilicheza ngoma, na vilishindana: hawa wakifanya karamu, wale wajibu kwa karamu kubwa zaidi, hawa wakitoka na sare moja, wale watoke na sare mpya. Ndani ya vyama hivyo wanawake walijifunza kuongoza, kukusanya fedha, kusimamia watu. Miaka ya 1950 vikachipuka vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyobeba mambo ya elimu na ustawi. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba mashindano na uongozi vilikaa chumba kimoja. Ujuzi uliokuwa ukitumika kumshinda jirani kwa karamu ndio ujuzi uleule unaohitajika kufungua shule.

Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis wa mwaka 1332, aliandika karne nyingi kabla ya Wazungu niliowataja kwamba kuna mshikamano, aliuita asabia, unaowapa watu nguvu ya kusimama pamoja, na kwamba anasa huula mshikamano huo kizazi hadi kizazi. Ninamfikiria kila ninapoona bajeti ya kamati ikipanda. Tunachukua kitu bora tulichorithi, utayari wa kubebana, tunakichoma ili tupate moshi wa barafu wa kucheza wimbo mmoja na mapambo yatakayong'olewa saa nane usiku.

Basi tufanye nini? Kukataa mmoja mmoja nimeshasema hakufai, na anayeumia zaidi ni mnyonge: mwenye cheo akikataa ataitwa mtu mwenye msimamo, mama wa vitumbua akikataa ataitwa mchoyo. Kusubiri serikali peke yake nako hakutoshi, ingawa Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023 na ni haki yetu kuidai itekelezwe mpaka kwa mkulima wa mwisho. Kati ya mtu na serikali kuna ukoo, jumuiya, vikoba, upatu, vikundi vya kufa na kuzikana. Hapo ndipo orodha inapoandikwa, na hapo ndipo inapoweza kuandikwa upya.

Naijua kamati moja iliyojaribu. Mweka hazina wao, dada mmoja mwenye sauti ndogo lakini asiyeyumba, alipendekeza orodha iendelee kuwa na majina na tiki, ila iondolewe tarakimu. Aliyetoa elfu kumi na aliyetoa laki tano wapate tiki moja. Mzee mmoja akapinga vikali: "Binti yangu, mimi nimechangia kwa miaka thelathini. Kila nilichotoa kimeandikwa. Leo mnataka kufuta deni langu?" Wengi walimwona mzee ana uchoyo. Mimi nilimwona ndiye aliyeielewa hesabu kuliko wote kikaoni. Mfumo wa zawadi hauna siku ambayo kila mtu ameshalipwa. Siku yoyote utakayousimamisha, kuna atakayebaki anadai. Ndiyo maana kila mmoja anangoja mwenzake aanze kuacha, na hakuna anayeanza.

Kwa hiyo mzee ajibiwe kwanza. Ukoo, au kikundi, au wafanyakazi wa ofisi moja, waitane kikao kabla ya msimu wa harusi, waje na madaftari yao ya zamani, wakubaliane tarehe. Harusi zilizokwisha kutangazwa zimalizwe kwa utaratibu wa zamani. Wanaodai, kama mzee huyu mwenye miaka thelathini ya kutoa, waandikwe, na deni lao lilipwe kwanza siku watakapoozesha. Baada ya tarehe hiyo kima cha chini kitoke kwenye kadi, tarakimu zitoke kwenye orodha, na anayetoa usiku wake jikoni aandikwe na kupewa tiki sawa na mwenye fedha. Fungu litengwe la wagonjwa, likusanywe kila mwezi wakati wote ni wazima, ili anayeumwa asilazimike kuomba akiwa kitandani. Na fungu hilo lisikae mikononi mwa mweka hazina wa harusi hata awe mwaminifu vipi, kwa sababu siku ukumbi utakapodai malipo ya mwisho, macho yote yatageukia fedha iliyo karibu, na mgonjwa hatakuwepo kikaoni kuitetea.